Dar na mvua ya kwa watu

Mama akinipigia simu kutoka Tabata, baada ya salamu huja habari za umeme, ndipo tufike kwenye afya. Miaka nenda rudi namtumia pesa ya Luku, na bado giza humkuta na uniti zake zimejaa. Binti yangu, mzaliwa wa huku ughaibuni, aliwahi kuniuliza: jiji lenye viwanda vyote vile, Chang'ombe, Ubungo, Mikocheni, linazimikaje kwa sababu Iringa hakukunyesha?

Jibu liko mtoni. Kwa muda mrefu gridi ilibebwa na vituo vya umeme wa maji vya Kidatu (megawati 204), Kihansi (180) na Mtera (80). Vituo vyote vitatu vimo katika bonde moja, la Rufiji. Mtera ndiyo ghala la Kidatu: maji yakipungua Mtera, mitambo ya Kidatu inanyong'onyea. Na mto Ruaha Mkuu, unaolisha Mtera na Kidatu, tangu miaka ya 1990 hukauka sehemu zake wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamekingwa juu huko kwenye mpunga wa Usangu. Ukame wa 2006 ulileta mgawo ambao wenye viwanda hawajausahau. Pupa ya kusaka umeme wa dharura ikazaa kashfa ya mkataba wa Richmond, na kashfa hiyo ikamng'oa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Mvua tu hiyo!

Kilicholisitiri jiji ni gesi. Iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, ikafika Ubungo 2004. Miaka 30 njiani. Baadaye likaja bomba la kutoka Mtwara na mitambo ya Kinyerezi. Gesi haingoji masika, lakini nayo ni nishati ya kisukuku. Tusiiite safi kwa kuwa tu haitoi moshi mweusi.

Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mtambo wa kwanza ukiwa umewashwa Februari 2024. Nimelishangilia kama kila mtu. Ila liko Rufiji, bonde lilelile, na sehemu ya maji yake ni ya Ruaha uleule. Tumeongeza nguvu bila kubadili tegemeo, na jua la Shinyanga na upepo wa Singida bado ni wageni kwenye gridi.

Kichekesho ni kwamba mvua tunayoiombea Iringa, Dar tunaiogopa. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita mabondeni Tabata na Kigogo, unatapakaa Jangwani kabla ya kufika daraja la Selander. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya waliopoteza nyumba wakapelekwa Mabwepande. Miaka michache baadaye, karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa palepale Jangwani, na mabasi yakaoga.

Ndugu zangu mnaojenga nyumbani kwa simu: kabla hamjatuma pesa ya kiwanja, mtumeni mtu akakitazame mwezi wa Aprili, si Agosti. Na mkiezeka, mwambieni fundi aache nafasi ya sola upande unaopata jua kutwa.