Dhumna: hesabu kete kabla ya kufunga

Kwenye baraza za Zanzibar dhumna huchezwa na wanne, wawili wawili, wenzi wakikaa mkabala. Kete ni 28. Kila mmoja huchukua saba. Anayecheza hulinganisha namba na mojawapo ya ncha mbili za mstari. Asiye nayo hupita, na hapo siri yake imevuja.

Kila namba imo kwenye kete saba tu. Zote saba zikishuka na ncha mbili zikabaki na namba hiyo, mchezo umefungwa: nukta za kila upande huhesabiwa, wenye chache hushinda. Kanuni hutofautiana, hivyo mgeni aulize kabla kete hazijachanganywa.

Wengi hufunga kwa pupa, kumbe mwenzi bado kashika sita-sita: nukta 12 hizo.