Sura ya 4: Kuisoma Meli Kwenye Karatasi

Reli inayokatiza Kibera, Nairobi, ndiyo iendayo Kisumu, na Kisumu ndiko zilikounganishwa meli nyingi za Ziwa Viktoria baada ya kuletwa vipande vipande kutoka Scotland. Mojawapo ni William Mackinnon. Kiwanda cha Bow, McLachlan mjini Paisley kiliiunda mwaka 1890, lakini ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Msomaji akiikuta miaka hiyo miwili hudhani karani alikosea. Hakukosea. Mwaka wa kwanza ni umri wa chuma chenyewe, wa pili ni umri wa meli majini, na kutu haingoji meli ielee.

Kumbukumbu za ukaguzi wa meli husomwa hivyo: kila tarakimu iulizwe inapima nini. Hazina kubwa ya kumbukumbu hizo ni ya Lloyd's Register ya London, chama kilichoanza mwaka 1760, wakati wafanyabiashara na wenye bima walipotaka kujua ni meli gani ya kuaminiwa shehena. Tangu 1834 kilikuwa na kanuni za ujenzi na wakaguzi wake bandarini.

Mkaguzi alijaza fomu. Aliandika jina la meli, nahodha, mwenye meli, mjenzi, mahali na mwaka wa kuundwa, urefu, upana, kina na safari inayokusudiwa. Kisha lilifuata swali ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: je, meli imekaguliwa ikielea au ikiwa chelezoni? Aliyeikagua ikielea hakuuona mkuku wake, hivyo maneno yake kuhusu sehemu za chini yana mpaka.

Baada ya hapo fomu huingia mwilini mwa meli. Kwa meli ya mbao hutaja aina ya mti wa mkuku, wa mataruma na wa mbao za ubavuni, na kama misumari ni ya chuma au ya shaba. Kwa meli ya chuma hutaja nafasi kati ya taruma na taruma, unene wa mabamba, na safu za ribiti kwenye maungio. Fundi wa Kawangware atanielewa: hanunui bati kwa rangi, huuliza geji. Geji 28 na geji 32 hupakwa rangi ileile, ila hazidumu sawa. Unene wa bamba ndio geji ya meli.

Mwisho huja daraja. Katika A1, herufi A ni ya mwili wa meli. Tarakimu 1 ni ya nanga, minyororo na vifaa vingine. Meli ya mbao ilipewa A kwa miaka maalumu kulingana na mbao na ufundi, na muda ukiisha ilibidi ikaguliwe upya. Mwaka 1870 meli za chuma zilianza kuandikwa 100A1. Msalaba wa Malta kando ya daraja humaanisha kwamba wakaguzi walifuatilia ujenzi wenyewe.

Daraja, basi, ni hukumu yenye tarehe. Meli ya Victoria, iliyoundwa na Yarrow wa Glasgow na kuunganishwa Kisumu, ilianza kazi mwaka 1961. Mwaka 2020 ilirudi ziwani upande wa Tanzania baada ya ukarabati mkubwa. Karatasi za 1961 zinatueleza asili yake, lakini hazimdhamini msafiri wa leo anayetoka Mwanza kwenda Bukoba.

Wala karatasi haiokoi mtu isipofuatwa. MV Bukoba, meli nyingine ya ziwa hilo, ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ilikuwa imebeba watu wengi kupita idadi hiyo, na mamia walikufa. Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kupanda chombo uliza mambo mawili: kilikaguliwa lini, na kimeruhusiwa kubeba watu wangapi. Ukiona wamezidi, shuka.