Utangulizi: Umri wa Taifa

Elimu ya idadi ya watu imezoeleka kama elimu ya majedwali, na wengi huikimbia kwa sababu hiyo. Mimi naomba tuingilie mlango wa Raila, kimojawapo cha vijiji vinavyounda Kibera. Alfajiri, wanaofuata reli kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda, na wanaotawanyika kutafuta vibarua vya mjengo na vya kufua nguo, wengi wao ni vijana. Wazee ni wachache. Wako wapi?

Wengi wamerudi ushago, na hapo ndipo somo linapoanzia. Idadi ya watu hubadilishwa na mambo matatu tu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Vitabu vingi huanza na uzazi. Kwa Raila, au Kawangware ng'ambo ya Ngong Road, ningeanza na kuhama. Kijana amelelewa na kusomeshwa Siaya, Vihiga au Machakos. Anafika Nairobi nguvu zimekomaa, anazitumia huko, na zikipungua anarudi kwao. Jiji limepokea mfanyakazi ambaye gharama ya kumkuza ililipwa na wengine, kisha likawarudishia wengine haohao gharama ya kumtunza. Anayesema mtaa kama huu ni mzigo kwa Nairobi hajapiga hesabu hiyo.

Hesabu yenyewe ina siasa zake. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilipata 170,070, na wengi hawakuamini. Tarakimu kubwa ilikuwa imeshazoeleka, na ilivuta misaada. Lakini anayepanga zahanati na madarasa hahitaji idadi ya kushangaza. Anahitaji kujua ni watoto wangapi, kina mama wangapi, wa umri gani.

Sasa tupanue macho. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alikuwa bado akizaa, kwa wastani, watoto 8. Tangazo la serikali peke yake halikutosha. Wasichana walipobaki shuleni, watoto walipoacha kufa kwa wingi, na dawa za kupanga uzazi zilipofika karibu, ndipo wastani ukashuka, hadi 3.4 mwaka 2022. Hata hivyo wastani huo unaficha nchi mbili: Nairobi ilikuwa na 2.5, Mandera 7.7.

Uzazi ukishuka, kwa muda fulani wenye nguvu za kazi huwazidi wategemezi. Wataalamu huliita hili gawio la idadi ya watu. Korea Kusini ililitumia kujenga viwanda na shule. Kufikia mwaka 2023 uzazi wake ulikuwa umeanguka hadi 0.72, na wafanyakazi wanapungua. Gawio halidumu, wala haliji lenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, takriban robo tatu wakiwa chini ya miaka 35, lakini nje ya kilimo cha kujikimu, zaidi ya ajira 80 katika kila 100 ni za jua kali. Kibarua hulipwa jioni, pensheni hana.

Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi kuliko wenzangu wanaosherehekea wingi wa vijana. Shamba la ushago linalosubiri kumpokea mzee linagawanywa kila kizazi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakiwezi kubeba kizazi kizima kilichozeeka bila akiba.

Basi unapozisoma sura zinazofuata, ukikutana na wastani, uliza ni wa kaunti gani. Na ukisoma kwamba vijana ni utajiri wa taifa, tafuta aliyeandika mkataba wao wa kazi na anayewawekea akiba ya uzeeni. Usipompata, usikubali sentensi hiyo, hata kama nimeiandika mimi.