Vifaa vya Kazi Nyumbani: Tuanze na Kipi?



Masika yaliyopita upepo uling'oa bati moja la jirani yetu. Bati moja tu. Jirani alikwenda nyumba ya kwanza kuazima nyundo, akaambiwa imeazimwa. Nyumba ya pili nyundo ipo, lakini haina mpini. Nyumba ya tatu mwenyewe kaenda mnadani na mlango kaufunga. Alipoipata, jua limeshazama. Usiku ule ule mvua ilinyesha juu ya magunia yake matatu ya mahindi. Mahindi yakaota, mengine yakavunda.

Tulipokutana darasani tuliulizana: hivi, nani kati yetu ana nyundo yake mwenyewe? Walionyosha mikono hawakufika hata wanne. Basi tukaona tuandike habari hii.

Jembe, panga na shoka kila nyumba vipo. Swali ni cha kuongeza. Wengi watasema nyundo. Sisi tunasema anza na tupa, kwa sababu tupa inaviponya vile ulivyo navyo tayari. Jembe butu linakula nguvu zako, si magugu.

Tupa inakata ikisukumwa mbele tu. Sukuma, inyanyue, irudishe, sukuma tena. Ukiiburuta kwenda na kurudi unaimaliza meno bure. Usiipake mafuta, maana itateleza. Na mkia wake uliochongoka usiushike hivi hivi, utakutoboa kiganja. Chomeka kwenye kipande cha mti, au hata kwenye gunzi la hindi. Gunzi linatosha kabisa.

Cha pili ndiyo nyundo. Nunua ile yenye kucha mbili nyuma za kung'olea misumari. Uzito wa nusu kilo hivi unafaa. Lakini jamani, tazama mpini! Kichwa cha nyundo kikichomoka hewani hakichagui mtu, na watoto wetu hupenda kusimama karibu kutazama kazi.

Kichwa hulegea kwa nini? Kwa sababu mti mbichi ukikauka hunywea. Kwa hiyo kata mti wa mpini mapema, kwa mfano mkole, uuache kivulini wiki nyingi hadi ukauke vizuri, ndipo uuchonge. Ukishaingia kwenye tundu, pasua kidogo ncha ya juu na upigilie kabari ya mti mgumu uliokauka. Wapo wanaotumbukiza nyundo au jembe kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe. Ni kweli unavimba, na siku ile utafurahi. Ukikauka, unalegea kuliko mwanzo. Sisi wenyewe tulikuwa tukifanya hivyo miaka yote.

Nyundo bila misumari ni chuma tu. Weka akiba ya misumari ya inchi 2, ya inchi 3 na ya bati. Urefu wa msumari uwe kama mara tatu ya unene wa ubao unaoupigilia. Ubao wa inchi 1 ukiupigilia kwenye nguzo, tumia msumari wa inchi 3. Inchi 2 zitaingia kwenye nguzo. Ubao ukiwa na tabia ya kupasuka, gonga kwanza ncha ya msumari iwe butu kidogo. Ncha kali hutanua nyuzi za mti zikapasuka, ncha butu huzikata. Na bati la migongo, pigilia juu ya mgongo, siyo bondeni. Maji hupita bondeni, yakikuta tundu yanaingia ndani.

Baada ya hapo fedha ikipatikana nunua plaizi, ya kushikia na kukatia waya, halafu bisibisi, kisha futi ya kupimia.

Msumeno ni ghali kidogo, usikimbilie. Ukifika dukani, ushike kama unalenga bunduki, utazame kama umenyooka. Upinde taratibu, uuachie. Ukibaki umepinda, mrudishie mwenye duka. Ukianza kukata, vuta kwako mara mbili tatu upate mfereji, ndipo usukume. Ukimaliza futa maji na unga wa mbao, paka oili kidogo. Oili ya gari inafaa. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo.

Randa na kekee tumwachie fundi seremala.

Pa kuviweka ni sanduku la mbao au hata kikapu, mradi pakavu na mbali na watoto. Usiviweke chini sakafuni. Udongo una unyevu na kutu haichelewi.

Liko jambo la kuazimana. Kumnyima jirani hatuwezi, na hatutaki. Lakini nyundo ikizunguka nyumba sita, nani anakumbuka iko wapi? Watu wamenuniana kwa ajili ya bisibisi! Dawa yake ni daftari. Chora mistari minne: kifaa, jina, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Mwenye kuazima aandike mwenyewe kwa mkono wake. Kusoma tulijifunza kwa kazi kama hizi.

Yule jirani wa bati amekwisha kununua nyundo yake. Tupa bado anaazima kwetu. Imo daftarini tangu Jumanne, na nafasi ya kurudisha bado nyeupe.