Rasimu, Mchoro na Ramani: Istilahi za Usanifu Katika Zama za Kompyuta

Miongoni mwa maneno yanayotumika katika shughuli za ujenzi na ufundi, ni machache yaliyobebeshwa mzigo mkubwa kama neno mchoro. Mistari mitatu iliyopigwa mchangani kwa kijiti huitwa mchoro. Karatasi yenye vipimo, mihuri na saini za wataalamu huitwa mchoro vilevile. Zamani kasoro hii haikuleta madhara makubwa, kwani pale lugha iliposhindwa macho yalisaidia. Mchoro wa kalamu ya risasi, wenye mistari iliyofutwa na kurudiwa, ulijieleza wenyewe kuwa ni wazo changa. Ule wa wino ulijieleza kuwa ni kazi iliyokamilika. Tangu kompyuta ilipoingia katika usanifu, alama hiyo ya macho imefifia. Katika makala haya tunakusudia kueleza tofauti iliyopo kati ya kuanza kazi kwenye karatasi na kuianza kwenye kompyuta, kisha tupendekeze istilahi za kuitaja tofauti hiyo.

Tuchukue mfano wa Nkwenda, kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa katika Wilaya ya Karagwe. Nyumba ya jadi ya sehemu hizo ni ya msonge, ambayo majirani zao Wahaya huiita mushonge. Nyumba hiyo haikuhitaji karatasi. Umbo lake lilijulikana na wote. Lililobaki kuamuliwa ni ukubwa, na duara la msingi huweza kupimwa papo hapo kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi. Nyumba ya matofali na bati ni jambo jingine. Ina vyumba vingi, na kila mwenye nyumba anataka mpango wake. Hapo ndipo mchoro unapokuwa mazungumzo: mwenye nyumba anataka sebule itazame barabara, fundi anapiga mstari, mke anakumbusha kwamba jiko litaelekea upepo, na mstari unafutwa. Karatasi moja na kalamu ya risasi hutosha kujaribu mawazo kumi kabla tofali moja halijafyatuliwa.

Faida ya karatasi, basi, si urahisi wa bei tu. Karatasi haimlazimishi mchoraji kusema asichokijua. Mstari uliopinda kidogo unamaanisha kwamba ukuta utakuwa upande huu, lakini mahali pake hasa hapajaamuliwa. Kompyuta haikubali utata wa namna hiyo kwa urahisi. Programu nyingi za usanifu humpa kila mstari urefu na mahali kamili tangu unapochorwa, hata kama mchoraji mwenyewe bado anasitasita. Matokeo yake ni picha iliyonyooka na safi, ambayo mwenye nyumba akiiona hudhani kila jambo limekwisha kufikiriwa. Huona haya kuisahihisha, na makosa huja kujulikana kuta zikiwa zimesimama.

Hata hivyo, haifai kuidharau kompyuta. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha mashine kwa kalamu ya nuru. Mwaka 1982 ilitoka AutoCAD, iliyoeneza kazi hiyo katika kompyuta ndogo za ofisini. Kompyuta hubadilisha kipimo kimoja na kurekebisha vinavyokitegemea, hukokotoa eneo, na huwezesha mchoro uliotengenezwa Bukoba kusomwa Nkwenda siku hiyohiyo. Lakini tukumbuke pia kwamba majengo makubwa yalisanifiwa bila ya mashine hiyo. Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ni la zama za ubao wa kuchorea, rula na wino. Kwa hiyo swali si chombo kipi ni bora, bali kila chombo kitumike katika hatua ipi. Na hatua zisizo na majina ni vigumu kuzitenganisha.

Tukifuata kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, hazina tuliyo nayo si haba.

(a) Chora. Maana ya kitenzi hiki ni pana: kukata nakshi katika mbao, na pia kupiga mistari. Kikirudufiwa tunapata chorachora, yaani kuchora ovyo bila ya uangalifu. Wapo wanaoweza kushawishika kuunda kichorochoro kwa maana ya mchoro wa haraka. Hatuliungi mkono neno hilo, kwa kuwa linakaribia mno kichochoro, yaani njia nyembamba kati ya nyumba. Tena linabeba dharau, ilhali kazi hii ya awali ndiyo yenye fikra nyingi kuliko zote.

(b) Rasimu. Neno hili limezoeleka kwa maandishi yasiyokamilika, kama rasimu ya sheria au ya barua. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuchora, na katika mzizi huohuo ndimo lilimotoka neno rasmi. Hivyo lugha yetu tayari ina ndugu wawili: mmoja anataja kisichokamilika, mwingine kilichoidhinishwa.

(c) Ramani. Watu wengi hulitumia kwa mchoro wa nyumba, pamoja na ule wa nchi. Matumizi hayo yamekwisha kukita mizizi, na hakuna sababu ya kuyapinga.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua tatu zitajwe hivi: mchoro rasimu kwa wazo la awali, liwe limechorwa kwa mkono au kwa kompyuta, mchoro vipimo kwa ule uliopimwa lakini haujaidhinishwa, na ramani ya ujenzi kwa ule ulioidhinishwa na ambao fundi anaruhusiwa kuufuata. Msomaji ataona kwamba istilahi hizi hazitaji chombo kilichotumika. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Kompyuta inaitwa kompyuta Tanzania na tarakilishi katika shule za Kenya, na vyombo vitazidi kubadilika. Hatua za fikra hazibadiliki.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, wasanifu majengo na maofisa wa halmashauri wayajaribu maneno haya kwa kuyaandika waziwazi juu ya kila karatasi wanayoitoa, hasa ile iliyochapwa kwa mashine. Mwananchi wa Nkwenda anayejenga kwa fedha za kahawa ya msimu mmoja hana nyingine ya kubomolea ukuta. Akisoma neno rasimu juu ya picha iliyo safi, atajua kwamba bado ana haki ya kusema: sogezeni mlango huu.