Mtego wa polisi na dawa za kulevya: Rufaa hushinda wapi?

Anayenaswa na dawa za kulevya katika mtego wa polisi huwa na neno moja la kwanza: nimetegwa. Hulisema siku ya kukamatwa, hulirudia mahakamani, na akishahukumiwa huliweka juu ya sababu zote za rufaa.

Hukumu za mahakama za juu zinaonyesha kitu kingine. Kutegwa peke yake mara chache humtoa mtu gerezani. Kinachomtoa ni jibu la maswali mawili: je, polisi walinasa kosa lililokuwapo, au walilitengeneza wao? Na je, mzigo uliokamatwa ndio huo huo uliofika kwa mkemia na baadaye mbele ya hakimu?

Kwa wanaovusha bidhaa Namanga, Holili, Sirari, Busia au Mutukula, maswali haya si ya mawakili peke yao. Magari yao hubeba mizigo ya watu wengine, simu zao hupokea wateja wasiowajua, na adhabu ni nzito kila upande wa mpaka. Tanzania hutoa kifungo cha miaka 30 au cha maisha kwa kusafirisha dawa, kutegemea aina na uzito. Kenya, iliyorekebisha sheria yake mwaka 2022, inaunganisha faini za mamilioni na miongo ya kukaa gerezani.

Mtego wenyewe ni halali

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi ni kwamba polisi wanaruhusiwa kutega. Biashara ya dawa za kulevya haina mlalamikaji wa kwenda kituoni kuripoti. Muuzaji ameridhika na mnunuzi ameridhika, kwa hiyo askari huvaa nguo za kiraia, hujifanya mteja, huweka fedha mezani na kusubiri.

Kuna pia mzigo unaoachwa upite huku ukifuatiliwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 kuhusu biashara haramu ya dawa za kulevya, uliosainiwa Vienna, unazitaka nchi wanachama kuruhusu njia hiyo kwa kadiri sheria zao zinavyokubali. Maofisa wanaweza kujua kilichomo ndani ya gari, wakaliacha livuke mpaka, kisha wakalikamata linaposhusha, ili wampate mpokeaji. Dereva anayejitetea kwamba mpakani alipekuliwa na kuruhusiwa anaweza kukuta utetezi huo hauna uzito: huenda kuruhusiwa kwake kulikuwa sehemu ya mtego.

Mtego uliovuma zaidi katika ukanda huu ulifanyika Kenya mwaka 2014. Watu waliokuwa wakifanya kazi kwa siri kwa ajili ya idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, walijifanya wawakilishi wa wafanyabiashara wa Colombia wanaotaka heroini ya kupeleka Marekani. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba mwaka huo pamoja na wenzao wawili. Januari 2017 walipelekwa New York.

Wanunuzi walikuwa bandia, lakini hilo halikuifuta kesi. Kosa la kula njama hukamilika watu wanapokubaliana kulitenda, hata kama mteja si mteja wa kweli. Oktoba 2018 ndugu hao walikiri mashtaka. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Kwa kuwa walikiri, ushahidi wa mtego haukupimwa katika kesi kamili. Hilo nalo ni la kukumbuka: anayekiri kosa hujifungia milango mingi ya rufaa, na mara nyingi hubaki na hoja ya ukubwa wa adhabu.

Kunasa ni kimoja, kuchochea ni kingine

Mstari kati ya mtego halali na uchochezi ulichorwa vizuri na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo, Baraza la Malodi, Oktoba 2001. Majaji walikuwa na mashauri mawili mbele yao.

La kwanza lilimhusu Looseley. Askari wa siri alipewa namba yake ya simu katika baa, akapiga na kuuliza kama angeweza kupata heroini. Aliuziwa bila kusita. Rufaa ya Looseley ilishindwa, kwa sababu askari hakufanya zaidi ya kile ambacho mteja yeyote angefanya.

La pili linawagusa wafanyabiashara moja kwa moja. Askari wa siri walianza kwa kumpa mtu sigara za magendo za bei ya chini. Baada ya kujenga mazoea, wakaanza kumwomba awatafutie heroini. Mwenyewe alieleza kwamba hakuwa mtu wa heroini, lakini hatimaye aliwatafutia, kwa kuwa faida ya sigara ilikuwa nzuri. Hakimu wa kesi aliisimamisha, na Malodi wakasema alikuwa sahihi. Dola haiwezi kumvuta raia katika kosa ambalo asingelifanya, halafu ikamwadhibu kwa kulifanya.

Marekani ilifika huko mapema zaidi. Katika shauri la Sherman la mwaka 1958, mpasha habari wa serikali alikutana na mtuhumiwa kwa daktari, mahali ambapo wote wawili walionekana kutibiwa uraibu. Alimsihi mara kwa mara amtafutie dawa, akimweleza mateso yake. Sherman alikwepa, kisha akakubali. Mahakama ya Juu ilifuta hatia yake. Lakini huko Marekani mwendesha mashtaka akithibitisha kwamba mtuhumiwa alikuwa tayari kutenda kosa hata kabla ya kuguswa na askari, utetezi huo huanguka.

Hukumu za London na Washington hazizifungi mahakama za Afrika Mashariki, ila zinaweza kuzishawishi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya jijini Nairobi, katika shauri lililotokana na mtego wa tuhuma za rushwa, ilikataa serikali kutengeneza kosa na kisha kulishtaki. Katiba ya Kenya, ibara ya 50(4), inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za mtu uondolewe iwapo kuupokea kungeifanya kesi isiwe ya haki.

Kwa mrufani, maana yake ni kwamba si vyema kuandika tu kuwa polisi walitega. Aonyeshe nani alipiga simu kwanza, mara ngapi alikataa, aliahidiwa nini, na kama alikuwa na historia yoyote ya biashara hiyo. Ujumbe wa simu na rekodi za miito ndizo mashahidi wake. Na hoja hiyo ianzie kwenye kesi ya awali, katika maswali kwa mashahidi na katika utetezi. Mahakama ya rufaa husoma kumbukumbu zilizotoka chini. Jambo ambalo halikuwahi kutajwa huko ni vigumu kulipa uzito juu.

Safari ya kielelezo

Sababu ya pili huwa kavu, haina machozi, lakini ndiyo inayobomoa kesi nyingi: njia aliyopita mzigo kutoka mikononi mwa mtuhumiwa hadi chumba cha mahakama.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliiweka kanuni hii wazi katika shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007. Mashtaka yanatakiwa kuonyesha, kwa mfululizo wa maandishi, kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyokabidhiwa kutoka mtu hadi mtu, kilivyopimwa na kilivyofikishwa mahakamani. Lengo ni kuondoa shaka kwamba kilibadilishwa au kiliongezwa njiani.

Katika dawa za kulevya kanuni hiyo ina uzito wa pekee. Unga wa heroini ni rahisi kubadilishwa na unga mwingine, tofauti na gari au jokofu. Kama askari aliyekamata anasema vifurushi vilikuwa 12 na mkemia anasema alipokea 11, au kama hakuna anayejua bahasha ililala wapi siku mbili kabla ya kufika maabara, hapo ndipo rufaa hupata miguu.

Hata hivyo Mahakama hiyo imeonya katika hukumu za miaka ya karibuni kwamba si kila pengo la karatasi huua kesi. Mashahidi waliokishika kielelezo wakitoa maelezo ya mdomo yanayoungana na kuaminika, hatia inaweza kubaki.

Kuna kanuni nyingine ya Tanzania inayowaangusha waendesha mashtaka. Tangu shauri la Robinson Mwanjisi la mwaka 2003, hati ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani, ili mshtakiwa ajue kilichomo. Hati ya kukamata mali au ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali ambayo haikusomwa hufutwa kwenye kumbukumbu, na wakati mwingine kinachobaki hakitoshi kumtia mtu hatiani.

Kenya imeweka utaratibu wake ndani ya sheria ya dawa za kulevya, kifungu cha 74A. Dawa zinapopimwa na kuchukuliwa sampuli, anayekusudiwa kushtakiwa huitwa awepo, pamoja na wakili wake kama anaye. Thamani ya dawa pia huhitaji cheti cha ofisa aliyeidhinishwa, maana faini hukokotolewa kutokana nayo.

Siku chache za kuamua

Yote haya hayasaidii kama muda umepita. Nchini Tanzania, aliyehukumiwa na mahakama ya chini hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 10, kisha sababu za rufaa ndani ya siku 45. Akihukumiwa na Mahakama Kuu yenyewe, ana siku 30 za kutoa taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani. Kenya na Uganda hutoa siku 14. Aliye gerezani anaweza kupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atadaiwa sababu za maana.

Rufaa ya kwanza ndiyo nafasi pana zaidi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyohudumia nchi zote tatu kabla ya Jumuiya ya zamani kuvunjika mwaka 1977, iliamua katika shauri la Okeno la mwaka 1972 kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi. Mawakili wa Nairobi wanaitumia hukumu hiyo hadi leo. Katika rufaa ya pili mlango hupungua, na hoja za sheria ndizo hubeba shauri.

Mahakama hiyo hiyo ya kanda ndiyo iliyotoa kanuni ya kusikiliza kesi upya, katika shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966. Kesi ya awali ikiwa na dosari kubwa ya utaratibu, majaji wanaweza kuagiza ianze tena. Lakini hawapaswi kufanya hivyo ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wao. Kushinda rufaa, basi, si lazima kuwe ni kutoka gerezani siku hiyo.

Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha si ngazi ya juu ya rufaa hizi. Kazi yake ni Mkataba wa Jumuiya, na hafutiwi mtu hatia ya jinai pale.

Mpakani

Mpaka una mtego mwingine, wa sheria zinazotofautiana. Miraa ni zao halali Kenya. Likivuka kuingia Tanzania, ambako huitwa mirungi, ni dawa ya kulevya. Uganda, Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Bunge likaipitisha tena mwaka huo huo, na mirungi imo. Mteja mgeni anayeagiza marobota na kutaka yafikishwe ng'ambo anaweza kuwa mteja, au askari.

Kwa mwenye kubeba mzigo, kinga huanza kabla ya kesi: jina na namba ya aliyeukabidhi, stakabadhi yenye maelezo ya vilivyomo, na kukataa kifurushi kisichofunguliwa. Akikamatwa, ahesabu vifurushi, aangalie mizani, aone lakiri ikiwekwa, asome hati ya kukamata mali kabla ya kuisaini, na akumbuke ni nani alisimama kama shahidi huru. Kama lugha ya hati haielewi, aseme hivyo na aombe mkalimani.

Ndugu zake nao wana kazi siku ya hukumu. Wasisubiri nakala ya hukumu ndipo waanze kutafuta wakili. Nchini Tanzania muda wa kusubiri nakala hautolewi kwenye zile siku 10 za taarifa, bali kwenye zile 45 za sababu za rufaa. Siku 10 huanza kuhesabiwa siku hukumu inaposomwa.