Samaki Mkunje Angali Mbichi: Bahari ya Karatasi kwa Watoto wa Kigali

Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima, na pwani iliyo karibu nao iko umbali wa zaidi ya kilometa 1,000. Mtoto aliyezaliwa Nyamirambo, Kimironko au Kanombe huweza kufikia umri wa kwenda shule bila ya kuonja maji ya chumvi wala kuona wimbi likivunjika ufukweni. Hata hivyo, bahari haikosi kutajwa katika nyumba za askari na polisi. Mwezi wa Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari na polisi wapatao 1,000 katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na mwezi uliofuata mji wa bandari wa Mocímboa da Praia ulikombolewa. Katika miaka iliyofuata vikosi vilipokezana zamu huko. Basi wako watoto wa Kigali walioambiwa kwamba baba, au mama, yuko kazini karibu na bahari. Nao huuliza: Bahari ni nini? Ni kubwa kama ziwa? Ndani yake mna nani?

Maswali hayo hayatoshelezwi kwa jibu la neno moja. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 hapati mengi kutokana na maelezo matupu. Huelewa zaidi kile anachokishika, anachokichana na anachokikunja kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa hiyo mzazi aliyebaki nyumbani anayo njia iliyo rahisi na isiyo na gharama, nayo ni kutengeneza pamoja na watoto wanyama wa baharini kwa karatasi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika kazi hii methali hiyo yafaa kwa maana zake zote mbili.

KARATASI HAIKOSEKANI

Tangu sheria ya mwaka 2008 ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini Rwanda, bidhaa nyingi za dukani hutiwa katika mifuko ya karatasi ya kaki. Mifuko hiyo isitupwe. Iwekwe pamoja na magazeti ya zamani, kurasa za madaftari yaliyokwisha, maboksi, trei za mayai, na vile vibomba vya karatasi ngumu vinavyobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Mbali ya hivyo vinahitajika mkasi mdogo wenye ncha butu, uzi, na kalamu za rangi. Wembe usitumiwe na mtoto kwa hali yoyote.

Gundi hupikwa nyumbani. Vijiko viwili vya unga wa ngano au wa muhogo vikorogwe na maji baridi kidogo mpaka vidonge viishe, kisha imiminwe kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka. Uji huo urudishwe motoni hadi uwe mzito, halafu uachwe upoe. Asiyekuwa na kalamu za rangi atapata manjano kwa bizari, hudhurungi kwa chai iliyochemka sana, na weusi kwa mkaa uliosagwa.

KILA UMRI NA KAZI YAKE

Kosa la wazazi wengi ni kumpa mtoto kazi isiyolingana na mkono wake, kisha kumkemea anaposhindwa. Mtoto wa miaka 2 apewe karatasi ya kuchana na kufinyanga, na hiyo pekee ni kazi kubwa kwake. Wa miaka 3 hupaka gundi na kubandika. Wa miaka 4 huweza kuongoza mkasi katika mstari ulionyooka, na wa miaka 5 au 6 huanza kukata mviringo. Vidole vinavyozoea kuchana, kukunja na kukata ndivyo vitakavyoshika kalamu bila ya kuchoka darasani. Aidha, macho ya wanyama yachorwe tu. Maharagwe na vifungo visitumiwe penye mtoto mdogo, kwani huweza kumkwama kooni.

NAMNA YA KUWATENGENEZA

Samaki. Karatasi ikunjwe mara mbili, mtoto mkubwa achore samaki ambaye mgongo wake umelala kwenye kunjo, kisha akate pande zote mbili kwa pamoja. Kingo zipakwe gundi na kubandikwa, lakini iachwe nafasi ndogo ya kujaza vipande vya gazeti ili samaki anenepe. Wadogo wachane vipande vya rangi wavibandike kuwa magamba. Kazi hiyo ianze mkiani kuelekea kichwani, ili kila gamba lilalie lile la nyuma yake kama vigae vya paa.

Kaa. Mtoto aweke viganja vyake viwili juu ya karatasi, mzazi azungushe kalamu pembezoni mwa vidole, kisha viganja hivyo vikatwe na kubandikwa kimoja juu ya kingine. Vidole gumba vikielekea juu huwa macho, na vile 8 vilivyobaki huwa miguu. Yaongezwe magando mawili, na hesabu itimie 10, kama alivyo kaa mwenyewe. Baada ya hapo watoto watembee ubavuubavu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, maana ndivyo kaa anavyotembea.

Pweza. Kibomba cha karatasi kibanwe upande mmoja, kikatwe hadi katikati mara mbili ili ipatikane miguu miwili, kila mguu ukatwe mara mbili iwe minne, kisha tena iwe minane. Hivyo mtoto hujifunza mbili, nne na nane kabla ya kukutana nazo ubaoni. Minyiri hiyo izungushwe kwenye kalamu ili ijikunje. Mtoto aambiwe kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba damu yake ni ya buluu, na kwamba hubadili rangi ya ngozi yake akafanana na jiwe alilolilalia.

Kasa. Kikombe kimoja cha trei ya mayai kikigeuzwa huwa gamba la mgongoni. Chini yake ibandikwe karatasi iliyokatwa kichwa, mkia na mapezi manne. Mtoto aliyewahi kumwona kobe wa nchi kavu atauliza mbona kichwa hakiingii ndani. Jibu ni kwamba kasa hawezi kukificha kichwa chake kama kobe. Nguvu yake imo katika kuogelea, naye hupanda ufukweni usiku ili kuchimba shimo na kutaga mayai yake mchangani. Watoto wake wakianguliwa hukimbilia majini wenyewe, bila ya mama.

Nyangumi. Mfuko wa kaki ujazwe magazeti yaliyofinyangwa, mdomo wake ufungwe kwa uzi, na sehemu iliyobaki nje ya fundo ipasuliwe kati iwe mkia. Mkia huo ulazwe kama sinia, usisimamishwe, kwani mkia wa nyangumi umelala, na wa samaki umesimama. Nyangumi si samaki. Hupumua hewa kama binadamu na humnyonyesha mtoto wake maziwa. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hutoka katika bahari za baridi za kusini na kufika pwani za Msumbiji, Tanzania na Kenya ili kuzaa. Ama nyangumi wa buluu, aliye mkubwa kupita wanyama wote, huweza kufikia urefu wa meta 30. Watoto wapelekwe uani, mzazi ahesabu hatua kubwa 30, nao wasimame mwanzo na mwisho wa nyangumi. Pengine ua hautatosha, na hilo nalo ni somo.

Wanyama wote wakishakauka, watundikwe ukutani juu ya karatasi au kitambaa cha buluu. Kaa awekwe chini penye mchanga, pweza kwenye mawe, samaki katikati, na kasa na nyangumi karibu na juu, kwa kuwa wao sharti wapande kuvuta pumzi. Mtoto akimweka mnyama mahali pasipo pake, aulizwe kwanza sababu yake, ndipo aelekezwe.

MAJI YA KIGALI HUFIKA BAHARINI

Watoto wataona bahari iko mbali, lakini maji ya mvua yanayoteremka katika mitaro ya Kigali huifuata. Huingia mto Nyabarongo, na kutoka huko huenda katika Akagera, kisha Ziwa Victoria, kisha Nile, hadi Bahari ya Mediterania, safari ya kilometa maelfu kadhaa. Kitu kilichotupwa mtaroni huweza kuanza safari hiyo hiyo. Kasa wa baharini humeza mifuko ya plastiki akidhani ni yavuyavu, yule mnyama laini kama ute anayeelea majini, ambaye ni chakula chake. Mtoto aliyemtengeneza kasa kwa mikono yake hahitaji hotuba ndefu ili aelewe kwa nini watu wazima husafisha mitaro asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, na kwa nini mwaka 2019 sheria iliongezwa makali dhidi ya vifaa vya plastiki vinavyotumiwa mara moja tu.

MANENO YA PWANI

Kazi hii ina faida nyingine. Kasa, pweza, kaa, gando, mnyiri, yavuyavu: haya ni maneno ya watu walioishi ufukweni kwa karne nyingi, na hayajifunzwi kwa urahisi katika nchi isiyo na bahari. Kiswahili kimezoeleka tangu zamani katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, na mwaka 2017 kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Kila mnyama anapokamilika, jina lake liandikwe nyuma kwa Kiswahili na kwa lugha inayosemwa nyumbani, pamoja na jina la mtoto na tarehe.

MZAZI ALIYE MBALI

Yafaa kukumbuka kwamba kazi ni ya mtoto. Mzazi asimnyang'anye mkasi kwa ajili ya kupata samaki mzuri wa kuonyesha wageni. Samaki aliyepinda, aliyekatwa na mtoto mwenyewe, anamfaa zaidi kuliko yule aliyenyooka kwa mkono wa mtu mzima.

Na pale ambapo baba au mama yuko kazini mbali, bahari ya ukutani humpa mtoto maneno ya kusema naye kwa simu. Badala ya kunyamaza au kulia, atauliza: Maji ya huko yana rangi gani asubuhi? Umeona kaa? Wavuvi wamevua nini leo? Hayo ni maswali yanayojibika, na hayagusi siri ya kazi. Aliye mbali naye hupata jambo la kumtazamia mtoto wake, akamletea jibu katika simu inayofuata.

Lakini karatasi haichukui nafasi ya mzazi, na mtoto atauliza tu, baba atarudi lini? Hapo aliyebaki nyumbani ajihadhari. Asimwambie mtoto kwamba samaki wa tano akimalizika baba ataingia mlangoni, iwapo tarehe yenyewe haijulikani. Mtoto huhesabu, na ahadi iliyovunjika huishika muda mrefu. Ni bora kumwambia kweli: baba yuko kazini, atarudi zamu yake itakapokwisha, na siku hiyo ikijulikana ataambiwa. Wanyama watunzwe katika boksi kwa kufuata tarehe zao, ili mzazi atakaporejea aketi chini na mtoto wake, aonyeshwe mmoja mmoja, na aeleze kama bahari aliyoiona yeye yafanana na ile iliyotengenezwa nyumbani.